CSX: bastola ndogo, mabishano makubwa
Mwaka 2022 kampuni ya Marekani, Smith & Wesson, ilitoa CSX, bastola ndogo ya milimita 9 yenye fremu ya aluminiamu, wakati nyingi za saizi yake ni za plastiki. Hubeba risasi 10 au 12.

Triga yake kazi yake ni moja: kuachia nyundo. Nyundo lazima iwe imeshavutwa nyuma, kwa hivyo mwenyewe hutembea nayo hivyo, kufuli ya usalama ikiwa imefungwa. Wengine hapo tu washaogopa.

Wapenzi wake wasifu uimara wa fremu. Lawama kubwa ni triga: ikirudi hulia kabla haijafika, na ukiivuta hapo, haifyatui. Kwa silaha ya kujikinga, kwangu hiyo si kasoro ndogo.