Kabla ya Kubeba Mzigo Kilimanjaro

Kila mwaka masika yakiisha, vijana wengi wa Uchagani huenda kutafuta kazi ya upagazi mlimani. Mimi ni Bwana Shamba. Wakati huo kahawa inakaribia kuchumwa, na ningependa wabaki. Lakini mlima huleta fedha. Basi na waende wakiwa tayari.

Vijana husema, "Sisi tumezaliwa mlimani." Maneno haya yamewadanganya wengi. Vijiji vya Marangu viko chini ya mita 2,000. Kituo cha Kibo kiko karibu mita 4,700. Kila ukipanda mita 1,000, joto hupungua kama nyuzi 6. Usiku huko maji huganda. Hewa nayo ni nyepesi. Mtu wa Marangu na mgeni wa Ulaya wote huumwa kichwa.

Nilipokuwa kijana nilibeba mizigo mara moja. Nilivaa shati la pamba, sweta moja, na viatu vya kaka yangu vilivyonizidi. Siku ya kwanza mvua ilitunyeshea msituni. Kesho yake shati lilikuwa bado limelowa. Visigino vilitoka malengelenge. Nilifika Horombo nikitetemeka, nisiweze kushika kikombe cha chai. Mpagazi mzee alinivua shati lile, akanifunika blanketi lake. Bila yeye nisingeandika habari hii.

Anza mwezi mmoja kabla. Pakia kilo 10 za mahindi, upande nazo kilima siku tatu kwa wiki. Ongeza kidogo kidogo mpaka kilo 20. Teremka nazo pia, maana magoti huumia wakati wa kushuka.

Viatu ndivyo muhimu kuliko vyote. Katambuga hazifai huko. Nunua viatu vinavyofunika vifundo, hata vya mitumba. Pale Memorial, Moshi, vinapatikana. Vijaribu ukiwa umevaa soksi nene. Vidole visiguse mbele. Kisha vivae kijijini wiki mbili au tatu.

Nguo za pamba zikilowa hazikauki upesi. Chukua sweta la sufu, koti la mvua, boshori, glavu na tochi. Nguo kavu za kulalia zifunge ndani ya mfuko usiopitisha maji. Usizivae mchana hata ukisikia baridi.

Mzigo wa mgeni usizidi kilo 20. Hupimwa getini. Soma mizani mwenyewe.

Njiani kunywa maji mengi, na tembea pole pole. Kichwa kikiuma, mwambie kiongozi. Usione haya kwa sababu mnaitwa "wagumu." Ukianza kutapika, au kuyumba kama mlevi, au kuhema hata ukiwa umekaa, usipande tena. Shuka mara moja, hata kama ni usiku, na mtu akusindikize.