Chuma na Asidi ya Foliki: Faida na Hadhari

Kisiwani Pemba, mkabala na Tanga, watoto wenye umri wa mwezi 1 hadi 35 walipewa madini ya chuma pamoja na asidi ya foliki, vitamini ya kundi B, ili kukinga upungufu wa damu. Malaria ilikuwa imeenea sana kisiwani wakati huo. Mwaka 2003 utoaji huo ulisimamishwa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 yalionyesha kuwa hatari ya kulazwa hospitali au kufa iliongezeka kwa asilimia 12, ikilinganishwa na watoto waliopewa vidonge visivyo na dawa.

Wataalamu waliihusisha hatari hiyo na malaria, kwani vimelea vyake navyo huhitaji chuma na foliki ili vikue. Hata hivyo, watoto waliopungukiwa chuma, ambao malaria yao iligunduliwa na kutibiwa mapema, walinufaika.

Kwa hiyo Shirika la Afya Duniani hushauri kwamba penye malaria watoto wapewe chuma sambamba na kinga na tiba ya ugonjwa huo. Wajawazito nao hushauriwa kutumia vyote viwili, lakini kwa kipimo: foliki ya miligramu 5 kwa siku hudhoofisha dawa ya SP, ilhali miligramu 0.4 yatosha.