Sakafu ya Mbao ni Mgeni: Mpe Siku za Kuzoea

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi niliyezaliwa katika nyumba ya seremala, Mji wa Kale wa Mombasa, nimejifunza uzeeni kwamba yuko mgeni mmoja ambaye ukimpa jembe siku ya tatu atakuharibia shamba zima. Mgeni huyo ni ubao wa sakafu.

Mwezi mmoja wa Februari mpwa wangu alinipigia simu kutoka Kitengela, sauti yake ya mtu aliyefiwa. "Mjomba, njoo uone. Mbao za nyanya zimeharibika."

Sikuhitaji kuuliza ni mbao zipi. Nyumba yetu ya Mji wa Kale ilipochakaa upande mmoja na kulazimika kubomolewa, tuling'oa mbao za chumba cha juu alimolala marehemu mama. Zilikuwa za msaji, mti ambao zamani majahazi yakituletea kutoka Bara Hindi, na baba alikuwa amezitandika kwa mkono wake mwenyewe. Mpwa wangu, ambaye kazi yake iko Nairobi na aliyekuwa akijenga Kitengela, aliomba apewe. Ndugu wote tuliridhia, kwani afadhali zikanyagwe na wajukuu kuliko zigeuke kuni.

Nilipanda basi la usiku hadi Athi River, nikachukua matatu. Wazee wa huko wanalikumbuka jina la Noonkopir, kituo kidogo cha biashara cha Wamasai. Leo Kitengela ni mji wa maghorofa katika Kaunti ya Kajiado, kando ya barabara kuu iendayo Namanga, na kila upande watu wanajenga. Hewa yake si hewa ya Pwani. Nilipofika midomo ilinikauka, na kanzu niliyoifua asubuhi ilikuwa kavu kabla ya adhuhuri. Pale pale nikaanza kufahamu ugonjwa wa mbao zetu.

Nilipoingia ukumbini nilisikitika. Mbao zilikuwa zimeachana, baina ya moja na nyingine ncha ya kisu yaingia. Nyingine zilikuwa zimeinuka kingo kama majani yaliyokauka, na mbili tatu zimepasuka penye misumari. Mpwa wangu alikuwa amekwisha kukata shauri azing'oe, aweke vigae.

"Mjomba, msaji si mti mgumu? Mbona Mombasa zilikaa miaka yote ile?"

Kosa lilikuwa wapi?

Nikamweleza hivi. Mti hata ukikatwa na kupasuliwa mbao hauachi kuvuta unyevu wa hewa na kuutoa. Kwetu Pwani, ambako upepo wa bahari hauna ukame, ubao hutulia ukiwa na unyevu wa kama asilimia 14 au zaidi ya uzito wake. Huko bara, kwenye uwanda mkavu, hushuka hata 10 au pungufu wakati wa kiangazi. Kila unyevu ukipungua, ubao husinyaa upana. Ubao wa sentimita 15 waweza kupungua kiasi cha milimita moja. Ni kidogo, lakini ukumbi wenye mbao 30 umepoteza sentimita tatu!

Mpwa wangu alizipakia mbao mwezi wa Juni, mwisho wa masika, zikiwa zimeshiba unyevu. Lori lilipofika, fundi alizitandika siku ya nne. Tena zege ya chini ilikuwa haijatimiza miezi miwili. Zege hukauka kwa taratibu, kiasi cha inchi moja kwa mwezi, hivyo ya inchi nne yataka miezi minne hivi. Maji ya zege yakapanda, mbao zikavimba na kusukumana. Kisha likaja jua la Januari, zikasinyaa zote pamoja. Msaji haukuwa na hatia. Hatia ilikuwa ya haraka.

Jambo moja alilifanya vizuri. Udongo wa uwanda ule ni mweusi wa mfinyanzi. Ukinyeshewa huvimba, na ukipigwa na jua hupasuka nyufa za kuingia mkono. Mwenye kujenga juu yake bila kuuondoa atapasukiwa sakafu iwe ya mbao, ya vigae au ya saruji tupu. Yeye aliuchimba wote, akajaza mawe na kifusi kilichoshindiliwa, akatandaza nailoni nzito, akatia dawa ya mchwa, ndipo akamwaga zege.

Siku ya pili alinitembeza mpaka Kajiado mjini. Baada ya kupita Isinya niliziona, mbali na barabara, nyumba za Kimasai ambazo hujengwa na wanawake kwa fito, udongo na samadi ya ng'ombe. Sakafu yake ni ardhi yenyewe. Nikakumbuka nyumba zetu za mawe ya matumbawe na chokaa, ambazo upana wa chumba ulipimwa kwa urefu wa boriti ya mkoko. Wale na sisi, kila mtu alijenga kwa kitu kilichokwisha kuizoea nchi yake. Sakafu ya mbao iliyotoka mbali haina mazoea hayo, ni lazima iyapate kwanza.

Kuchagua mbao

Kwa msomaji anayetaka kununua, nitasema machache. Msonobari ni rahisi kupatikana na una sura nzuri, lakini ni laini, na mguu wa kiti utauacha na alama. Mkaratusi ni mgumu, ila hupenda kujikunja na kupasuka usipokaushwa sawasawa. Mvule na msaji hutulia vizuri na mchwa huzichukia, lakini bei yake yataka mkoba mzito. Ziko pia zile za viwandani, zilizoshindiliwa kutokana na unga wa mbao na kubandikwa picha ya mti juu. Hizo huvutia macho, lakini maji yakiingia kwenye maungio huvimba, wala hazirudi.

Mfalme wa sakafu katika Kenya alikuwa muhuhu. Mti huo humea katika msitu wetu wa Arabuko-Sokoke, baina ya Kilifi na Malindi, na ulimea pia katika misitu ya Nairobi, kama Karura na Ngong. Ni mzito, una harufu ya kupendeza hata hutolewa mafuta ya manukato, na vipande vyake vidogo vilitandikwa katika sakafu zinazokanyagwa na umati bila kulika. Kwa sifa hizo ulikatwa sana, na wachonga vinyago nao wakautaka. Unakua polepole mno. Kwa hiyo ukiletewa muhuhu mpya kwa bei ya kutupa, uliza umekatwa wapi na kwa kibali gani. Ukitaka muhuhu wa halali, tafuta wa zamani uliong'olewa katika majengo yanayobomolewa.

Kutandika

Mbao zikifika nyumbani, ziingize katika chumba chenyewe zitakakolala, milango na madirisha yakiwa yamekwisha kutiwa. Zipange kwa tabaka, ukiweka vijiti baina yake ili hewa ipite. Chukua kipande kimoja, kipime kwenye mizani ya duka, uandike uzito. Baada ya wiki kipime tena. Maadamu uzito unashuka, mgeni bado hajazoea. Ukisimama wiki mbili mfululizo, mwite fundi.

Zege nayo ijaribu. Gandisha kipande cha nailoni juu yake kwa utepe pande zote, ukiache usiku kucha. Asubuhi ukikuta matone chini yake, ngoja. Na siku ya kutandika, acha nafasi ya upana wa kidole baina ya mbao na kuta zote, kwani masika yatakuja na mbao zitataka pa kunyoosha miguu. Nafasi hiyo itafichwa na ubao wa ukutani, ule mafundi wauitao skatingi.

Kutunza

Hapa sisi watu wa Pwani tuna bahati, kwa sababu ada yetu ya kuvua viatu mlangoni ndiyo dawa ya kwanza. Vumbi na changarawe za Kitengela chini ya viatu ni sawa na msasa. Fagia kwa ufagio laini, kisha pangusa kwa kitambaa kilichokamuliwa barabara. Usimwage ndoo ya maji kama unavyofanya kwenye saruji.

Akina mama huuliza, mtoto akikojoa je? Kwanza kausha kwa kitambaa mpaka pasibaki kitu. Kisha mimina maji safi kidogo, ya kuenea mahali hapo tu, na uyakaushe papo hapo kwa kitambaa kingine. Mahali pametoharika na ubao umesalimika. Mwenye shaka amwulize sheikh wake.

Usipake mafuta ya nazi. Hayakauki, na vumbi litanata. Tumia vanishi ya sakafu, au nta. Mkeka wa ukili ni rafiki wa mbao kwa kuwa unapumua, lakini zulia lenye mpira chini huzuia unyevu na kuacha madoa. Chetezo kiweke juu ya sinia, maana cheche moja ya mkaa haisahauliki.

Tuling'oa mbao zote. Tukazipanga kwa vijiti ukumbini, na familia ikahamia chumba kimoja kwa wiki sita, mke wa mpwa wangu akituvumilia sote. Mbao nne zilikuwa zimepasuka zisifae. Mahali pake penye mlango tukatia mvule.

Fundi kijana alipokuwa akipiga msasa alifika penye duara jeusi, kubwa kama kisahani. Akaongeza nguvu alitoe. Mpwa wangu akamshika mkono. Duara lile ni la chetezo cha mama, siku alipokisahau chini karibu na dirisha, mimi nikiwa mtoto, na baba akanuna wiki nzima.

"Hilo liache," akamwambia.

Mwaka wa pili huu unakwenda, masika yamepita na kiangazi kimepita, na kisu hakiingii tena.