Baraza, Bao na Kitabu: Desturi ya Kusoma na Kucheza Pamoja katika Miji ya Pwani

Katika miji ya kale ya pwani ya Afrika Mashariki, hasa Lamu, Mombasa na Mji Mkongwe wa Unguja, nyumba nyingi za mawe zina benchi la mawe na chokaa lililojengwa pamoja na ukuta wa nje, likitazama kichochoro, ambalo huitwa baraza. Na jina hilo hilo hutumika kwa kundi la watu wenye mazoea ya kukaa hapo, wanaokutana baada ya sala ya alasiri na tena baada ya isha. Wataalamu wamelieleza baraza kuwa ni uwanja wa siasa na wa fikra: Kai Kresse, katika kitabu chake cha mwaka 2007 kuhusu maisha ya fikra mjini Mombasa, ameyachukua mazungumzo ya barazani kuwa mjadala wenye uzito kamili, naye Roman Loimeier ameandika juu ya mabaraza ya Zanzibar kwa mtazamo wa karibu na huo. Jambo linalostahili kukaziwa zaidi ni kwamba baraza limekuwa pia mahali pa kusoma na mahali pa kucheza, na kwamba shughuli hizo mbili hazikutenganishwa na wenyewe, kwa sababu katika zote mbili ujuzi wa mtu hupimwa mbele ya wenzake.

Kukaa barazani kuna adabu yake. Anayefika huwatolea salamu wote, kisha huwapa mkono wazee, na kijana aliyekalia mahali pazuri humpisha mkubwa wake bila kuambiwa. Muuza kahawa hupita na dele lake, yaani birika la shaba lenye mdomo mrefu linalokaa juu ya makaa, akigonganisha vikombe vyake vidogo ili asikike kutoka mbali, na kahawa chungu hunywewa kwa kashata au tende. Kila baraza lina wenyeji wake wanaojuana kwa majina, kwa koo na kwa tabia. Tangu mfumo wa vyama vingi uliporejeshwa Tanzania mwaka 1992, yapo mabaraza ya Unguja na Pemba ambayo hujulikana pia kwa chama cha wakaaji wake, na hilo, kwa kweli, limeyafinya mazungumzo yaliyokuwa mapana zaidi.

Mchezo unaoheshimiwa kuliko yote hapo ni bao la kiswahili. Ubao wake una safu nne zenye mashimo manane kila moja, jumla mashimo 32, na kete zake ni 64, ambazo kwa desturi ni komwe, mbegu ngumu za kijivu za mmea wa mkomwe unaoota karibu na fukwe. Kila mchezaji humiliki safu mbili zilizo upande wake, na mapambano hufanyika katika zile safu mbili za mbele zinazotazamana. Awamu ya kwanza huitwa kunamua: kila mmoja huanza na kete kumi ubaoni, sita kati yake zikiwa ndani ya nyumba, yaani lile shimo la mraba lililo karibu na katikati ya safu ya mbele, na kete nyingine 22 hubaki mkononi ili ziingizwe moja kila zamu. Kete inapowekwa katika shimo lenye kete ambalo linatazamana na shimo la mpinzani lenye kete, mchezaji huzila zile za mpinzani na kuzipanda moja moja kuanzia kichwa, ambacho ni shimo la mwisho la safu ya mbele. Kete ya mwisho ikiangukia penye kete, mkono huendelea, na ikiangukia shimo tupu, mchezaji hulala na zamu humwendea mwenzake. Kete za mkononi zikiisha, huingia awamu ya mtaji, ambamo kete zilizoko ubaoni ndizo zinazotembezwa kutafuta za kula. Hushindwa yule ambaye safu yake ya mbele imebaki tupu, au asiye na la kucheza tena.

Maelezo hayo yanaweza kumfanya msomaji adhani kuwa bao ni hesabu ndogo, ilhali ugumu wake ni mkubwa mno, kwa kuwa mchezo mmoja huweza kubadilisha idadi ya kete katika mashimo mengi kwa mara moja, na kila badiliko hufungua njia mpya za kula na kuliwa. Fundi, ambalo ndilo jina analopewa mchezaji aliyekubaliwa na wenzake kuwa bingwa, huona mwisho wa mzunguko kabla hajagusa kete, kisha huzitembeza kwa kasi ambayo mgeni hawezi kuifuata kwa macho. Mtafiti wa Kiholanzi Alex de Voogt aliwachunguza mafundi wa Zanzibar kwa ajili ya tasnifu yake ya mwaka 1995 ya Chuo Kikuu cha Leiden, akitaka kujua ukomo wa akili ya binadamu katika kazi kama hiyo. Lakini mafundi hao hawakufunzwa katika chuo chochote; walifunzwa na watazamaji, wale wanaozunguka ubao, wanaokaripia kosa papo hapo, wanaomtambia anayeelekea kushindwa, na wanaokumbuka siku nyingi baadaye mchezo ulioharibikia wapi. Watoto nao huanzia kwenye bao la kujifunza, ambalo kete zake hugawanywa mbili mbili katika kila shimo na halina kunamua.

Ni kwa watazamaji hao hao wa bao kwamba shairi nalo lilipata maisha. Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa aliyefariki karibu na mwaka 1840, alitunga juu ya vita vya Mvita, yaani Mombasa, na watawala wa Oman, juu ya mapenzi na ufukara, na hata juu ya bao lenyewe, naye hakuacha diwani iliyochapishwa. Tungo zake zilibaki vichwani mwa watu wa mji kwa miaka mingi baada ya kifo chake, hadi Mwalimu Sikujua na mmisionari William Taylor walipozikusanya na kuziandika kuelekea mwisho wa karne ya 19. Kitabu cha tungo hizo, kilichohaririwa na William Hichens, kilitoka Johannesburg mwaka 1940. Miaka yote hiyo katikati, mashairi yalihifadhiwa na watu walioyasema na kuyasikia, waliobishana juu ya neno hili au lile, na ni haki kusema kwamba sehemu kubwa ya fasihi ya kale ya Waswahili isingetufikia kama ingetegemea msomaji aliyejifungia chumbani peke yake.

Magazeti yalipofika, yalipokewa kwa desturi iliyokwisha kuwapo. Mombasa, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alianza kutoa Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, akijadili dini, elimu na hali ya Waislamu wa pwani. Tanganyika ilikuwa na Mambo Leo, gazeti la kila mwezi lililoanzishwa na Idara ya Elimu ya serikali ya kikoloni mwaka 1923, ambalo kurasa zake za mashairi ziliwawezesha washairi wa miji iliyo mbali kuulizana na kujibizana. Kwa njia hiyo malumbano ya barazani yakapata baraza pana zaidi. Nakala moja ilitosha watu wengi, kwa sababu mmoja alisoma kwa sauti na wengine wakasikiliza, wakakatiza, wakaeleza, na asiyejua kusoma hakuwa nje ya mazungumzo. Baadaye zikaja riwaya. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, ambaye riwaya yake Mzimu wa Watu wa Kale ilichapishwa mwaka 1960, aliwapa wasomaji mpelelezi Bwana Msa, na hadithi ya aina hiyo inafaa sana kusimuliwa katika kundi, kwa kuwa kila msikilizaji hupenda kumtaja muuaji kabla ya sura ya mwisho na kutetea hoja zake.

Hakuna mfano wa kukutana kwa kitabu na bao unaofahamika zaidi ya ule wa Mwalimu Julius Nyerere. Huyu, aliyezaliwa Butiama mbali na pwani, alitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare kwa Kiswahili, ile ya Julius Caesar mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969, na wakati huo huo alijulikana kuwa mpenzi wa bao aliyekaa ubaoni na raia wa kawaida. Kwake yeye bao lilikuwa sehemu ya maisha ya mtu aliyesoma, wala halikumpunguzia heshima.

Baraza la nje lilikuwa na bado kwa kiasi kikubwa ni la wanaume, na uchambuzi wowote unaolisifu bila kusema hivyo una kasoro. Wanawake walikuwa na mikutano yao ndani ya nyumba na nyuani, nao hawakuwa nyuma katika maandishi: utendi ambao Mwana Kupona binti Msham aliutunga mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake ulinakiliwa na kuhifadhiwa kwa moyo na wanawake wa Lamu na kwingineko, mama akimfundisha mwana.

Michezo mingine ya barazani, yaani dhumna, keram, karata, na dama ambayo bara huitwa drafti na huchezwa kwa vizibo vya soda, ina wapenzi wengi na haihitaji miaka ya kujifunza, ndiyo sababu vijana wengi huikimbilia na kuliacha bao kwa wazee. Simu nazo zimechukua nafasi ya gazeti. Si hasara tupu, maana mashairi sasa husambaa katika makundi ya simu upesi kuliko wakati wowote, na yapo mabaraza ambamo ujumbe husomwa kwa sauti kama ulivyosomwa ukurasa wa gazeti. Lakini kitabu kizima, kinachotaka kurudiwa jioni baada ya jioni, kimepungua sana.

Kampeni za kukuza usomaji katika nchi zetu humtazama mwanafunzi na dawati lake, kisha hushangaa kwamba mtu akimaliza shule huacha kusoma. Wachapishaji, maktaba na halmashauri za miji wanaombwa waanze pale watu walipo: waweke riwaya na diwani katika mabaraza kama ubao wa bao unavyowekwa, wawaalike waandishi wakasome humo na wakubali kukosolewa, wafungue nafasi hiyo kwa wanawake wanaoitaka, na wawaombe mafundi wa bao, wangali hai, wawafundishe vijana.