Utunzaji wa mbwa wa Rhodesian Ridgeback

Rhodesian Ridgeback ni aina ya mbwa mkubwa wa kuwinda iliyotokea kusini mwa Afrika. Siku hizi hufugwa zaidi kama mlinzi na mwenza wa familia. Hutambulika kwa mstari wa manyoya mgongoni unaoelekea mbele, kinyume na manyoya mengine ya mwili. Mbwa huyu alizalishwa ili akimbie mwendo mrefu pamoja na wawindaji na kuwakabili wanyama wakubwa. Kwa hiyo utunzaji wake mjini hutegemea mazoezi, mafunzo na kukaa karibu na watu kuliko ukubwa wa banda au wingi wa chakula.

Makala hii inaeleza utunzaji wake katika mazingira kama ya Kimandolu, kata ya Jiji la Arusha kaskazini mwa Tanzania. Huko nyumba zenye ua, mifugo ya majirani na barabara kuu ya kwenda Moshi viko karibu karibu.

Asili

Kabla ya kuja kwa Wazungu, Wakhoikhoi wa kusini mwa Afrika walikuwa na mbwa wa kuwinda wenye mstari wa manyoya mgongoni. Walowezi wa Kizungu waliwachanganya mbwa hao na wale waliotoka nao Ulaya. Katika miaka ya 1870 mmisionari Charles Helm alipeleka mbwa wawili wa namna hiyo katika kituo cha Hope Fountain, karibu na mahali ulipo mji wa Bulawayo. Mwindaji Cornelius van Rooyen aliwatumia kuzalisha kundi lake la mbwa wa kuwinda simba.

Kazi ya mbwa hao haikuwa kumwua simba. Walimfuata kwa harufu, wakamzunguka, wakambwekea na kumkwepa mpaka mwindaji afike na bunduki. Mbwa aliyeruka bila kufikiri hakuishi muda mrefu.

Mwaka 1922 Francis Barnes aliitisha mkutano wa wafugaji mjini Bulawayo, na hapo ukaandikwa mwongozo wa kwanza wa sifa za aina hii. Nchi iliyoitwa Rhodesia ndiyo Zimbabwe tangu 1980, lakini jina la mbwa halikubadilika. Katika Afrika Mashariki, East Africa Kennel Club yenye makao yake Nairobi huandikisha mbwa wa ukoo safi.

Historia hiyo inaeleza tabia tatu ambazo mwenye mbwa hukutana nazo kila siku: ana pumzi nyingi, hupenda kuamua mwenyewe, na hukimbiza chochote kinachokimbia.

Maumbile

Dume huwa na kimo cha sentimita 63 hadi 69 begani na jike sentimita 61 hadi 66. Uzito wa kawaida ni takriban kilo 36 kwa dume na kilo 32 kwa jike. Manyoya ni mafupi, yenye rangi ya ngano iliyoiva hadi wekundu wa kahawia. Wengi huishi miaka 10 hadi 12.

Mwaka 2007 watafiti wa jenetiki walionyesha kwamba mstari wa mgongoni husababishwa na kurudufika kwa kipande cha kromosomu chenye jeni kadhaa za ukuaji. Badiliko hilohilo huongeza uwezekano wa mtoto wa mbwa kuzaliwa na kasoro iitwayo sinasi ya demoidi. Hiki ni kijishimo chembamba kinachoanzia kwenye ngozi ya shingo au mgongo na kuingia ndani, wakati mwingine hadi karibu na uti wa mgongo. Kisipoondolewa kwa upasuaji huweza kuoza na kuleta ugonjwa mkali.

Watoto wachache huzaliwa bila mstari. Zamani wafugaji wengi waliwaua kwa kuwa hawakufaa kwa maonyesho, ingawa kiafya hawana kasoro kwa sababu hiyo. Kwa familia isiyo na nia ya kuzalisha au kushindanisha mbwa, mtoto asiye na mstari anafaa sawa na wenzake.

Kabla ya kuchukua mbwa

Katika miji mingi ya Tanzania mbwa hufungiwa bandani mchana na kufunguliwa usiku ili alinde ua. Mpangilio huo haumfai Ridgeback. Mbwa anayelala mchana kutwa gizani bila kazi huanza kubweka ovyo, kuchimba chini ya ukuta, kuguguna milango na kuruka uzio. Mara nyingi mwenyewe huhesabu dalili hizo kuwa ukali au ukorofi, na kumfungia zaidi. Hivyo tatizo huongezeka.

Kwa hiyo jambo la kwanza kwa familia ni kupanga muda: nani atamtembeza asubuhi, nani jioni, na nani shule zikifunguliwa au familia ikisafiri. Kumwachia kazi yote msaidizi wa nyumbani au mlinzi kunafaa tu ikiwa mtu huyo amefundishwa na mbwa anamheshimu.

Mtoto wa mbwa asichukuliwe kwa mama yake kabla ya kufikisha wiki nane. Inafaa mnunuzi amwone mama, aulize kadi ya chanjo, na amwombe daktari wa mifugo apapase mgongo na shingo ili kutafuta sinasi ya demoidi. Sifa ya "mbegu kali" si sababu nzuri ya kununua, kwani woga na ukali wa wazazi huweza kurithiwa.

Mazoezi

Mbwa mzima huhitaji angalau saa moja ya kutembea na kukimbia kila siku, na ni bora igawanywe asubuhi na jioni. Kuzunguka ndani ya ua hakutoshi, hata ua ukiwa mkubwa, kwa sababu mbwa hapati harufu na mambo mapya.

Kimandolu ina njia za mitaani zinazopanda na kushuka kuelekea upande wa Mlima Meru. Wakati mzuri ni alfajiri kunapopambazuka, kabla ya pikipiki na daladala kuwa nyingi. Barabara ya Moshi haifai. Mbwa atembezwe kwa mkanda imara wa shingoni au wa kifuani na kamba isiyozidi mita mbili. Asiachiwe huru mitaani hata akiwa mtiifu, kwa kuwa kuku au mbuzi mmoja anayekimbia hutosha kumsahaulisha amri zote.

Mtoto wa mbwa asikimbizwe umbali mrefu wala kurushwa juu ya vizuizi mpaka afikie umri wa mwaka mmoja na nusu hivi. Mifupa na viungo vyake bado vinakua, na mzigo mkubwa huweza kuvidhuru. Michezo mifupi na matembezi ya polepole yanamtosha.

Kazi ya akili huchosha kama mbio. Kuficha vipande vya chakula uani na kumwacha avitafute kwa pua ni zoezi rahisi linaloendana na asili yake.

Mafunzo

Mafunzo huanza siku ya kwanza nyumbani. Amri za msingi ni kuja anapoitwa, kukaa, kusubiri na kuacha kitu. Vipindi viwe vya dakika chache, mara kadhaa kwa siku, na kila tendo jema lizawadiwe kwa chakula au sifa. Watu wote wa nyumbani watumie maneno yaleyale. Mmoja akisema "njoo" na mwingine "kuja hapa", mbwa huchanganyikiwa.

Kipigo hakifai. Mbwa huyu hukumbuka aliyemwumiza. Anaweza kuacha kutii, au kuuma pale ambapo zamani angenguruma tu. Kumlisha pilipili au bangi ili awe mkali, kama baadhi ya watu wanavyoamini, humletea maumivu ya tumbo au sumu mwilini na hakumfundishi kulinda. Ridgeback hulinda kwa asili, na kinachohitaji kufundishwa ni kutofautisha mgeni na mwizi.

Kipindi cha kati ya wiki ya tatu na ya kumi na nne ya maisha kina uzito wa pekee. Mbwa anayekutana kwa utulivu na watoto, wazee, pikipiki, ng'ombe na mbwa wengine katika muda huo huwa na hofu chache ukubwani. Mtoto ambaye hajamaliza chanjo abebwe mikononi badala ya kuwekwa chini mahali ambapo mbwa wengi hupita.

Watoto na wageni

Kwa kawaida Ridgeback ni mpole kwa watoto wa nyumbani. Hata hivyo mbwa wa kilo 35 humwangusha mtoto wa miaka mitatu kwa kumchezea tu. Mtoto mdogo asiachwe peke yake na mbwa. Watoto wafundishwe kutomgusa akiwa anakula, amelala au ana watoto wake, kutomvuta mkia, na kutokimbia wakipiga kelele mbele yake.

Mgeni apige hodi getini na kusubiri mbwa afungwe. Waislamu wa madhehebu ya Shafii, ambao ni wengi miongoni mwa Waislamu wa Afrika Mashariki, huhesabu mate ya mbwa kuwa najisi. Kumzuia mbwa asiwarambe wageni ni sehemu ya ujirani mwema.

Chakula

Ugali na pumba pekee havitoshi, kwani mbwa anahitaji protini na mafuta ya kutosha. Chakula cha nyumbani huweza kuwa ugali au wali uliochanganywa na dagaa, nyama iliyopikwa au mayai, pamoja na mboga kidogo. Mtoto anayekua apewe chakula kilichopangwa kwa ushauri wa daktari wa mifugo, maana upungufu wa madini na pia wingi wake huharibu mifupa ya mbwa wakubwa.

Unga wa mahindi yaliyoota ukungu usitumiwe, hata kama umeonekana haufai kwa watu. Sumukuvu iliyomo huharibu ini la mbwa. Vitu vingine vya kuepuka ni chokoleti, zabibu, vitunguu na mifupa ya kuku iliyopikwa, ambayo huvunjika kwa ncha kali.

Mlo wa siku ugawanywe mara mbili. Mbwa wenye kifua kirefu kama huyu huweza kupata ugonjwa wa tumbo kujaa gesi na kujisokota, ambao huua kwa saa chache. Dalili zake ni tumbo kuvimba, kujaribu kutapika bila kutoa kitu na kuhangaika. Mbwa apumzike kabla na baada ya kula, na dalili hizo zikionekana apelekwe kwa daktari mara moja.

Makazi

Jiji la Arusha liko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni hadi Agosti ni wa baridi kwa mbwa mwenye manyoya mafupi. Banda liwe na paa lisilovuja, sakafu iliyoinuliwa na matandiko makavu, hasa wakati wa masika kuanzia Machi hadi Mei. Uzio uwe na urefu wa karibu mita mbili bila mianya chini. Mlango wa banda ubaki wazi mchana ili mbwa aone watu wa nyumbani. Mnyororo usiwe makazi yake ya kudumu.

Magonjwa na kinga

Chanjo dhidi ya distempa, parvo na homa ya ini ya mbwa huanza kwenye wiki ya sita hadi ya nane na kurudiwa mpaka wiki ya kumi na sita. Kupe huleta magonjwa ya damu kama ehrlichiosisi na babesiosisi. Kwa hiyo masikio, kwapa na katikati ya vidole vikaguliwe kila baada ya matembezi, na dawa ya kupe itumiwe kwa kipimo kilichoelekezwa. Dawa za kuogeshea ng'ombe zisitumiwe bila ushauri wa daktari.

Mbwa asipewe maini au mapafu mabichi kutoka machinjioni. Viungo hivyo huweza kuwa na vifuko vya tegu wa jenasi Echinococcus, ambaye hukua tumboni mwa mbwa na mayai yake kumwambukiza binadamu. Dawa ya minyoo itolewe kwa ratiba ya daktari.

Kichaa cha mbwa

Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, wengi wakiwa Asia na Afrika, na karibu wote huambukizwa na mbwa. Dalili zikishaanza, mgonjwa karibu kila mara hufa. Ugonjwa huzuilika kwa chanjo. Mbwa huchanjwa kwa kawaida akifikisha miezi mitatu, kisha hurudiwa kila mwaka au kwa muda unaoelekezwa na daktari. Ikiwa mbwa asilimia 70 wa eneo wamechanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea.

Mtu aliyeumwa na mbwa yeyote, hata wa nyumbani, aoshe jeraha kwa maji na sabuni kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo. Mbwa mwenyewe afungiwe na kuchunguzwa kwa siku 10. Kumwua haraka na kumzika huondoa nafasi ya kujua kama alikuwa mgonjwa.

Sheria na wanyamapori

Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtaka mwenye mnyama amtunze, na inahesabu ukatili kuwa kosa. Kumpeleka mbwa kuwinda bila kibali ni kosa pia chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, hata kama aina yake ilizalishwa kwa kazi hiyo.

Matembezi ya mlimani yaishie nje ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, kwa kuwa mbwa wa kufugwa huweza kupeleka magonjwa kwa wanyamapori. Mwaka 1994 distempa iliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti, na mbwa wa vijiji vya jirani walifikiriwa kuwa chanzo cha virusi. Chanjo ya mbwa mmoja mjini hulinda familia yake, mbwa wa jirani na wanyama wa porini.