Mshale wa Sumu, Nyama Salama

Msomaji wa Mtito Andei ameniuliza swali zuri. Vijana wa kwao, anasema, walizoea kupata kindi kwa manati na tanzi, wakambabua na kumla. Babu zao walimwangusha hata nyati kwa mshale wa sumu, wakala nyama wasidhurike. Mbona sumu iliyoua mnyama haikuua mlaji? Na mbona kindi hakupigwa kwa mshale ule?

Kuwinda kulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977, na sheria ya wanyamapori ya 2013 imekaza zaidi. Nataka kufika kwenye sumu yenyewe.

Sumu hiyo hutoka kwenye mti wa msunguti, ambao Wakamba huuita kivai. Ilichemshwa kwa saa nyingi hadi ikawa uji mzito mweusi, ikapakwa nyuma ya chembe cha mshale na kuviringishiwa ngozi nyembamba isikauke. Kwa hiyo moto si jibu: sumu iliyopikwa hivyo haiharibiki kwa kuchomwa nyama. Kemikali yake, wabaini, ilitengwa na Mfaransa Arnaud mwaka 1888, na jina limetokana na neno la Kisomali la sumu ya mishale.

Wabaini hushambulia kitu kimoja kwenye utando wa seli, ambacho nitakiita pampu ya chumvi. "Bomba" halifai, kwa kuwa bomba halichagui kinachopita, na pampu hii inachagua.

Chukua basi la Mombasa linaposimama Mtito Andei watu wale. Basi ni seli ya moyo. Mlango wa mbele una kondakta, ndiye pampu yetu, mwenye amri moja: kila zamu ashushe abiria watatu wa sodiamu, apandishe wawili wa potasiamu, alipwe sarafu moja ya nishati. Hapumziki. Kwa kazi yake, nje kunajaa sodiamu wanaotamani kurudi ndani. Sasa, basi lina mlango wa nyuma usio na kondakta, unaoendeshwa na msukumo wa hao hao: sodiamu watatu wakipenya kuingia, kalsiamu mmoja anatolewa nje. Kalsiamu ndiye anayekaza msuli wa moyo. Akijaa ndani moyo unabana, akiondolewa unalegea. Ndipo anakuja wabaini. Haingii ndani, anajipachika kwa nje pale mlango wa mbele, na mkono wa kondakta unakwama. Sodiamu wanarundikana ndani, wa nje hawana tena sababu ya kusukumana, mlango wa nyuma unazorota, na kalsiamu wanabaki wamebanana humo. Moyo unakaza kupita kiasi, mapigo yanavurugika, mwisho unasimama.

Jens Skou wa Denmark aliigundua pampu hii katika neva za kaa na kuitangaza mwaka 1957. Wabaini, sumu ya mishale ya Afrika, ndiyo iliyomthibitishia kwamba ameishika yenyewe. Mwaka 1997 alipata Tuzo ya Nobeli ya kemia.

Sasa mlaji. Ili imfikie kondakta, wabaini sharti iingie kwenye damu. Mshale huifikisha moja kwa moja. Utumbo huizuia: molekuli yake inapenda maji mno, ilhali utando wa seli za utumbo ni wa mafuta, basi nyingi hupita na kutoka. Tena wachunaji walikata nyama iliyozunguka jeraha wakaitupa, kwa kuwa hapo ndipo sumu imelundikana. Kidonda mdomoni au sumu nyingi hubadili hesabu.

Kindi je? Yule wa ardhini anayeishi Tsavo, asiye na mistari, hafiki nusu kilo. Kata nyama ya kuzunguka jeraha, umemtupa kindi mzima. Na aliyehangaika kuchemsha kivai hawezi kukimaliza kwa kitoweo cha mtu mmoja. Jiwe la manati lilitosha, au tanzi kwenye mdomo wa shimo. Halafu alibabuliwa manyoya, akapasuliwa, matumbo yakatolewa upesi yasiharibu nyama, akabanikwa juu ya makaa.

Wabaini ina ndugu, digoksini, itokayo kwenye mmea wa Ulaya. Hiyo haipendi maji kwa kiasi hicho, utumbo huipokea, na hospitali huitoa kwa vidonge: humshika kondakta huyo huyo, kidogo tu, ili moyo dhaifu upige kwa nguvu. Mwalimu wa bayolojia wa Makueni au Kitui aanzie kwenye msunguti. Mtihani unataka mwanafunzi akumbuke watatu nje, wawili ndani. Ukambani kuna mti unaoonyesha kinachotokea hesabu hiyo ikikatizwa, na wazee waliojua ni wapi pa kupitisha kisu.