Mbwa wa Ulinzi Asipewe Maini Mabichi

Ndugu msomaji, umechukua mbwa wa kulinda nyumba au mifugo, jambo ambalo sheria imeliruhusu. Jirani anakushauri umlishe nyama mbichi ili awe mkali. Ukali hautoki huko. Kinachotoka huko ni minyoo.

Maini na mapafu ya mbuzi, kondoo au ng'ombe huweza kuwa na vifuko vya maji vyenye viluwiluwi vya tegu. Mbwa akivila vibichi, tegu hukomaa tumboni mwake, na mayai yake hutoka na kinyesi, yakanata kwenye manyoya na udongo. Mtoto akimshika mbwa kisha akala bila kunawa, huyameza. Uvimbe huota kwenye ini au pafu polepole, hata miaka bila dalili, na mara nyingi huishia kwenye upasuaji. Wafugaji wa Turkana, Kenya, wanaujua ugonjwa huu.

Basi katakata vipande vidogo, uchemshe nusu saa tangu maji yatokote. Vyenye vifuko vichome au uvifukie kwenda chini sana, hasa Idd el-Hajj, siku ambayo matumbo hutupwa ovyo. Na kwa kuwa hujui mbwa huyo alilishwa nini alikotoka, mwone daktari wa mifugo ampe dawa ya tegu kabla watoto hawajamzoea.